Waliponiambia Niwe na Mume Wangu

Ujumbe ulinikuta dukani, nimesimama juu ya kiti nikitundika vikwembe vipya, vile vitenge ninavyouza. Simu ililia ule mlio mfupi wa mesaji, nikashuka haraka nikidhani ni mume wangu. Hakuwa yeye. Ilikuwa nyumba ya mikopo, ile iliyotugawia kadi sisi wafanyabiashara wa soko la Kasongo. Walisema wanaanza kukagua upya mapato ya kila mwenye kadi. Mkaguzi atapita dukani na nyumbani. Mteja aliyeandikishwa kwa mapato ya watu wawili awepo nyumbani na mwenzake, kila mmoja aeleze kazi yake na anachoingiza. Asiyeonekana, kadi yake itafungwa na deni lote litadaiwa kwa mara moja.

Nilikaa kwenye kile kiti. Mteja aliingia akauliza bei ya kikwembe chekundu, nami nikamwangalia bila kumjibu mpaka akatoka.

Kadi yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha plastiki. Ukiwa nayo unaenda kwa mwenye ghala, unachagua mzigo, yeye anaipitisha kwenye mashine yake, nawe unauza na kulipa kidogo kidogo. Kila kadi ilikuwa na plafo, yaani kiasi ambacho huruhusiwi kukivuka. Plafo yangu ilikuwa ya juu kuliko ya wanawake wengi wa mstari wetu, kwa sababu nilipoandikishwa nyumba yetu ilikuwa na mapato mawili: duka langu, na mshahara wa mume wangu, aliyekuwa muuguzi, munganga kama tunavyosema sisi, kwenye kituo cha afya kule Kabambare. Siku ile yote mawili yalikuwa kweli.

Sasa mume wangu sikuwa nimesikia sauti yake tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani, na Idi kubwa ilikuwa imekwisha kupita.

Haikukatika ghafla. Kwanza pesa alizokuwa akinitumia kwa simu zilipungua, halafu zikasimama. Akawa ananitumia sauti yake badala ya kuandika, maneno machache: niko salama, salimia watoto, kazi ni nyingi. Halafu simu ikawa haipatikani. Watu wakiniuliza, nilijibu kwamba kule rezo, mtandao wa simu, ni mbaya, na hilo lilikuwa kweli, rezo ya kule ni mbaya siku zote. Sokoni walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ameoa mwanamke mwingine. Kuna siku nilikuwa naomba iwe hivyo, kwa sababu mtu aliyeoa kwingine bado anapumua. Njia ya Kabambare tunaijua. Watu wanasimamishwa na wenye bunduki, wengine wanarudi wamevuliwa mpaka viatu, wengine hawarudi.

Mchana uleule habari ya ukaguzi ilikuwa imezunguka soko zima. Jirani yangu, mama muuza sukari, alikuja kusimama mlangoni pangu, mikono kifuani.

"Wanakuja kuhesabu mpaka mabati ya nyumba," alisema. "Kule kwingine waling'oa mulango ya mutu, wakaenda nayo."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Eh, mama, watu ni watu. Wewe uko na bahati, uko na bwana munganga, utamuonesha. Mimi nitaonesha nini? Mwaka huu sukari imenila. Nilikuwa ninauza magunia, sasa ninauza na kikombe."

Nilimwambia asiogope, nikisikia sauti yangu mwenyewe inatoka juu juu kama ya mtu mwenye homa. Kesho yake meza yake ilikuwa tupu. Tuliambiwa amevuka mto Lualaba na watoto wake wote, amekwenda kwao, na vyombo amevificha kwa shangazi. Wanawake wa mstari wetu walipita mbele ya ile meza tupu kama watu wanaopita penye msiba.

Jioni nilimweleza dada yangu mkubwa. Sisi tunamwita yaya. Ni mjane, na tunaishi naye katika parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, aliyotuachia marehemu baba yetu, karibu na msikiti. Alinisikiliza akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, hakuinua uso.

"Umemutafuta?" akauliza.

"Simu haipiti."

"Sikuuliza simu. Nimeuliza, umemutafuta?"

Nilichukua fungu la sombe nikaanza kuchambua nami.

"Nenda Kabambare," alisema. "Akiwa muzima, umulete aongee na huyo mutu wa kadi. Akiwa ameoa, umulete vilevile, tutagombana hapa. Na akiwa amekufa, tujue, tukae matanga, watoto wamulilie baba yao. Hivi unavyoishi, yaya yangu, si kuishi."

Kwetu mtu mkubwa akikupenda anaweza kukurudishia jina lake, akakuita yaya wewe mdogo. Nilipolisikia neno lile nililia, na yaya akaendelea na sombe yake mpaka nilipomaliza.

Niliondoka baada ya sala ya alfajiri na motari, dereva wa pikipiki, mmoja wa makamo ambaye baba yetu alikuwa akimjua, mtu wa maneno machache. Mvua zilikuwa zimeikata barabara vipande vipande. Mahali pengine nilishuka nikavua kandambili nikatembea kwenye matope huku yeye akisukuma pikipiki. Tulipishana na wanaume wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, zilizobeba madumu ya mawese, vichwa vimeinama, jasho linawatiririka, nami nilimtazama kila mmoja usoni, nikimtafuta mume wangu kwa watu wasiofanana naye hata kidogo.

Mbele kidogo tulikuta mti umelazwa barabarani. Wanaume walitoka kwenye majani. Walikuwa na bunduki, na nguo zao zilikuwa nusu za kijeshi nusu za nyumbani, usingeweza kusema ni wa upande gani. Motari alizima pikipiki, akaweka mikono juu ya usukani mahali inapoonekana. Nami nikaweka yangu juu ya magoti.

"Unaenda wapi, mama?" aliuliza mmoja, mwenye kofia ya sufu.

"Kabambare. Kwa bwana yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni munganga. Wa kituo cha afya."

Aligeuka kumwangalia mwenzake. Wakasema maneno ya Kibangubangu, lugha ya huko, ambayo mimi naishika nusu nusu ingawa ndiyo ya ukoo wa mume wangu. Yule mwenzake akacheka.

"Munganga gani?" akasema. "Munganga wa pale alikimbia, sisi tulisikia. Au walimupeleka. Mutu hayuko pale."

Nilisikia maji ya kijito fulani karibu, na nilisikia inzi. Nilitaka kuuliza "walimupeleka" maana yake ni nini, nani alimpeleka, wapi, lakini nilikuwa naogopa kwamba watu hawa ndio wanaojua jibu. Motari alitoa pesa kidogo na kipande cha sabuni, akavitoa polepole, kama mtu aliyezoea. Wakauvuta mti pembeni. Tulipokwenda mbali kidogo nilimwomba asimame, nikatapika kando ya njia. Hakuniambia pole. Aligeuza uso tu, akangoja, na mimi nilimshukuru kwa hilo.

Tulifika Kabambare jua limeanza kulainika. Kituo cha afya nilikuwa nakijua, niliwahi kukaa pale naye likizo mbili. Kinamama walikuwa kwenye benchi na watoto wao. Nilipita mbele yao mpaka chumba chake. Nguo yake nyeupe ya kazi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, imepigwa pasi, na imeshika vumbi mabegani.

Mzalishaji, yaani mkunga wa kituo, mwanamke mnene niliyekuwa nimemzoea, alinikuta nimesimama nikiitazama ile nguo. Alifunga mlango.

"Mama, keti."

"Niambie nikiwa nimesimama."

"Ni muzima," alisema upesi. "Ni muzima, keti."

Niliketi. Alinipa maji. Akaniambia mume wangu aliacha kazi miezi iliyopita, aliwaaga vizuri, akaenda upande wa Wamaza, kwa mjomba wake anayelima kule. Aliwaapisha wasiniambie kitu, na wao wakaona aibu kuvunja neno lake.

"Alifanya kosa gani?" niliuliza. "Aliiba dawa? Aliua mutu?"

"Hapana. Kosa hakuna. Akuambie mwenyewe, mama. Mimi nikikuambia nitalia, na kuna mwanamuke anazaa pale."

Aliniandalia kitanda kwake. Asubuhi tukashika njia ya Wamaza. Sasa nilijua ni mzima, na bado hofu haikutoka, ila hofu yenyewe ilibadilika sura. Niliyapanga magonjwa yote ninayoyajua, moja baada ya jingine, na kila moja nikalivalisha mwili wake.

Kwa mjomba wake ni mwisho wa kijia cha miguu, nyumba mbili za udongo katikati ya mashamba ya mpunga na karanga. Motari alibaki barabarani na pikipiki. Nilitembea peke yangu. Nilimwona kutoka mbali, ameketi barazani, ungo mapajani, anabangua karanga. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limefungwa vishikizo vibaya, upande mmoja umepanda.

Nilikwenda mpaka mbele yake, nikasimama mahali ambapo kivuli changu kilimfika magotini. Aliinua uso. Aliniangalia usoni, macho yake ndani ya macho yangu, yaleyale niliyoyajua tangu ujana. Kisha akauliza kwa Kibangubangu, kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mpita njia: ni nani?

Nimewahi kuogopa mara nyingi, kabla ya siku ile na baada yake, lakini woga wa pale barazani haujapata mwenzake. Nilifikiri akili yake imeondoka. Nilifikiri amerogwa, mimi ambaye watu wakisema mambo hayo huwa nawakatiza.

"Ni mimi," nikasema.

Ungo ulianguka. Karanga zikatawanyika mpaka miguuni pangu. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akapapasa hewa, na mkono mmoja ukanikuta begani. Hapo ndipo nilipoelewa.

Tulikaa chini pamoja na zile karanga. Aliniambia ilianza pembeni, kama mtu anayemsogezea mapazia kutoka kila upande. Alijigonga kwenye fremu za milango, akasema ni uchovu. Halafu herufi za kwenye vichupa vya dawa zikaanza kumkimbia. Alizijua chupa kwa rangi ya vifuniko, kwa mahali zinapokaa kabatini, na kwa njia hiyo alifanya kazi muda mrefu bila mtu kujua.

"Siku moja wakaniletea mutoto wa malaria, anatetemeka," alisema. "Nikavuta dawa kwenye sindano. Nilikuwa na hakika. Muzalishaji akanishika mukono, akasema, munganga, unataka kumuchoma mutoto nini hii? Nikaisogeza chupa hapa karibu kabisa na jicho. Haikuwa ile dawa. Mutu wa kusafisha alikuwa amepanga kabati upya."

"Hukumuchoma."

"Sikumuchoma. Lakini ningemuchoma. Mama yake alikuwa ananiangalia na shukrani, unaelewa? Nilitoka nje nikakaa nyuma ya kituo, nikaona siwezi tena kurudi ndani."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nani, usiniambie?"

Alipapasa karanga chini, akazirudisha mbili tatu kwenye ungo.

"Ningekuambia nini? Ile kadi yako, nusu yake ni mimi. Nilisema wakijua nimeacha kazi watakufunga duka. Nilisema ngoja kwanza nilime, nivune, nikutumie kitu, ndiyo nikuambie. Basi jembe nalo linataka macho. Nilijikata muguu mara ya kwanza tu."

Nilikuwa na hasira nyingi nilizozibeba kutoka Kasongo, nilizipanga njiani neno kwa neno. Zote zilikuwepo bado. Nilianza na ukaguzi, nikamweleza habari ya ule ujumbe, kwamba tunatakiwa sote wawili.

"Basi nimekuua," alisema.

"Inuka," nikasema. "Tunaenda nyumbani."

Kurudi tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Kila shimo lilimshtua kwa sababu hakuliona likija. Kwenye daraja la magogo alisikia maji chini yetu akaanza kupiga kelele tushuke. Tulishuka. Nilivuka kinyumenyume nimemshika mikono yote miwili, nikimwambia weka mguu hapa, sasa hapa, na nilikuwa naogopa kuliko yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa naona nafasi kati ya gogo na gogo na maji ya kahawia yanavyokwenda kwa nguvu. Mahali penye mti uliolazwa hapakuwa na mtu. Motari alipita kwa kasi, midomo yake ikisoma dua.

Watoto walimrukia baba yao uani, na alijua kuwakumbatia bila kukosea, wakubwa na wadogo, kwa sauti zao. Hawakugundua kitu siku ile. Yaya aligundua kabla mume wangu hajavua viatu. Alinivuta jikoni.

"Haoni?"

"Mwanga tu. Na vivuli."

Aliweka mkono mdomoni. Halafu akaanza kupanga, maana yaya ni mtu wa kupanga. Mjini hakuna anayejua bado, alisema. Mkaguzi ni mgeni, ametumwa kutoka mbali. Tutamnunulia mume wako miwani nyeusi, atasema macho yanamuwasha. Ataketi kwenye kiti cha baba, mlango mkono wake wa kulia. Atasema yuko konje, yaani likizo, amepumzika kidogo, atarudi kazini. Nani atakwenda Kabambare kuuliza?

"Yaya, ni uongo," nilisema.

"Ni siku moja. Unataka wakudai yote kwa mara moja? Utalipa na nini, na vikwembe?"

Nilikwenda kumweleza mume wangu. Naye alikubali. Tulimzoeza, kiti kiko hapa, meza hapa, mgeni akiingia atasimama hapa. Alijifunza kama mtoto anayejifunza sura ya kusoma, akijikwaa na kurudia.

Siku yenyewe mkaguzi alianzia sokoni. Wanawake walinipigia simu kwa zamu. Ameingia kwa muuza chumvi. Anauliza majirani: huyu anauza kweli kila siku? Mzigo huu ni wake au ameazima kwa jirani? Yuko dukani kwako, anafungua vikwembe kimoja kimoja, anaandika kwenye tableti. Sasa ametoka, amepanda pikipiki, anakuja. Nilikuwa nimevaa vizuri tangu asubuhi, na nguo ilikuwa imelowa mgongoni kama niliyeogelea nayo.

Alikuwa mwanaume kijana, viatu vimejaa matope, sauti ya upole. Yaya alimkaribisha. Mume wangu alisimama kama tulivyomfundisha, akatabasamu, akasema karibu sana bwana, jisikie nyumbani. Mkaguzi akamsogelea, akamnyooshea mkono.

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Mkono ulibaki pale hewani. Mume wangu aliendelea kutabasamu, kidogo upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Yaya alikohoa. Mkaguzi aliniangalia mimi.

Mume wangu ndiye aliyesema. Nadhani aliusikia ule ukimya.

"Kuna kitu kimenipita, eh?" Akavua miwani. "Umenipa mukono? Nisamehe, bwana. Mimi sioni. Ninaona ule mwanga wa mulango, na wewe kama kivuli. Kazi ya uganga niliiacha. Mushahara hakuna."

"Astaghfirullah," yaya alinong'ona.

Mkaguzi aliutafuta mkono wake, akaushika kwa mikono yake miwili, wakasalimiana. Kisha akaketi. Alifuta jasho.

"Pole, baba," alisema. "Lakini kazi yangu ni kuandika chenye kiko."

"Andika."

Aliuliza maswali yake yote. Tangu lini. Je, kuna pesa nyingine inayoingia, kuna shamba, kuna mtoto anayefanya kazi. Aliniuliza mimi ninauza kiasi gani mwezi mzuri na mwezi mbaya, nami nikamwambia kama ilivyo, kwa kuwa mlango wa uongo ulikuwa umekwisha kufungwa na mtu ambaye haoni mlango. Mwisho nilimuuliza lile nililoliogopa tangu mwanzo.

"Mutatutoa hapa?"

"Parsele hii ni ya nani?"

"Ya marehemu baba yetu," yaya akajibu kwa ukali. "Ya sisi wote, na dada zetu walioolewa."

"Basi haiko kwenye garanti, hamukuiweka rehani. Hapa hakuna mutu atawatoa. Juu ya kadi, si mimi ninayeamua. Watawatumia mesaji."

Alipoondoka yaya hakuongea na mume wangu mpaka Maghrib. Halafu akampelekea chai, akaitia sukari nyingi mno, akasema, "Kunywa, mutu wa kweli," nao wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Siku zilizofuata niliishi na simu mkononi. Mlio wowote, hata wa kampuni ya simu kutuuzia inite, yaani salio la kupigia, ulinishtua. Nikipika naisikia inalia haijalia. Nilipunguza kula. Mwanangu wa kwanza wa kike alianza kuificha simu nikisali ili nisikatize sala.

Mesaji ilikuja siku ya soko kubwa. Plafo yangu ilishushwa chini ya nusu. Nisingeweza kuchukua mzigo mpya mpaka deni lishuke chini ya plafo hiyo. Lakini deni hawakulidai lote pamoja. Walilikata vipande vidogo, vya kulipwa kwa muda mrefu zaidi. Niliusoma ujumbe huo nyuma ya duka, nikausoma tena, nikatafuta mahali ambapo wamenificha ubaya. Sikuupata.

Haikuwa rahisi. Nusu ya duka nilimpangisha fundi wa cherehani, nami nikabaki na upande wenye mlango mdogo. Idi iliyofuata watoto walivaa nguo zilezile za Idi iliyopita. Mama muuza sukari alirudi kutoka ng'ambo ya mto baada ya ukaguzi kumalizika, akakuta kadi imefungwa na anadaiwa yote. Tulimchangia kiasi tulichoweza, hakikutosha, sasa anauza maandazi karibu na shule. Kila nikimwona nafikiri jinsi nilivyokuwa karibu na kukimbia mimi pia.

Mzalishaji wa Kabambare ndiye aliyetutumia habari kwamba waganga wa macho wanapita Kasongo. Tulipanga mstari tangu asubuhi. Daktari alimwangalia mume wangu kwa taa yake ndogo muda mrefu, akasema ni presha ya ndani ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki, yaani ule mwanga na vile vivuli, kinaweza kulindwa na dawa ya matone, akitumia kila siku bila kukosa. Mume wangu alimuuliza maswali ya kiganga, jina la dawa, kipimo, na niliona jinsi alivyokaa wima akiuliza, kama alivyokuwa akikaa zamani.

Hofu haikuondoka nyumbani kwetu. Dawa inaweza kukosekana mjini, barabara inaweza kufungwa, mwezi unaweza kuwa mbaya dukani. Bado usiku mwingine nanyoosha mkono kuhakikisha yupo. Lakini watoto wamejifunza kitu ambacho hakuna aliyewafundisha. Wakiingia chumbani alipo baba yao, kila mmoja anasema, "Papa, ni mimi," na jina lake, na kama amekuja na rafiki anamtaja na rafiki. Naye anawaambia wasogee karibu, anawashika vichwa, anawapima kwa kiganja nani ameongezeka urefu.